Soksi ya goti yenye sumaku: nimeivaa, nimeifungua, nimeipima

Soksi hii ya goti ni nyeusi, ya kitambaa kizito chenye mpira ndani. Mbele ina tundu la duara la kuachia pia ya goti, na ina mikanda miwili ya velkro, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Kwa ndani, kulizunguka lile tundu, kuna vifuko vidogo vilivyoshonwa, na kila kifuko kimebeba kisahani cha sumaku cha ukubwa wa kifungo cha koti. Viko vinane. Karatasi iliyokuja nayo ina ahadi nyingi kuliko maelekezo: sumaku huvuta madini ya chuma yaliyomo kwenye damu, hufungua mishipa, huondoa sumu mwilini, hurudisha gegedu lililolika. Chini yake, kwa herufi kubwa: GAUSI 3000, gausi ikiwa ni kipimo cha nguvu ya sumaku. Upande wa pili ni orodha ya maradhi, inaanza na magoti na mgongo, inapita kwenye kipandauso na kukosa usingizi, inaishia kwenye kisukari. Nilipofika kwenye kisukari nikaikunja karatasi.

Kazi yangu ni kutengeneza spika na amplifaya. Sumaku ndiyo moyo wa spika, kwa hiyo nazishika kila siku ya kazi, ndogo za redio ya mkononi hadi zile za besi ambazo ukizembea zinakubana vidole ukaona nyota. Dada yangu mkubwa aliponinunulia soksi hii mtandaoni alijua fika anampa nani. "Ivae kwanza," akaniambia, "maneno yako yatakuja baadaye." Nikaivaa kwanza.

Goti lenyewe ni la kulia. Ni goti la mtu aliyeishi kwa kuchuchumaa na kupiga magoti sakafuni akiangalia nyuma ya makabati ya spika. Picha ya eksirei ilionyesha nafasi kati ya mifupa imepungua, hali ambayo watu wengi huiita goti kusagika. Asubuhi linakaza, nikitembea kidogo linalegea, ngazi za kupanda linazivumilia, za kushuka halizitaki kabisa. Lina majuma mazuri na majuma mabaya, na huwa halitoi taarifa kabla ya kubadilika. Hilo la kubadilika naomba ulishike, kwa sababu bila hilo huwezi kuipa haki bidhaa yoyote ya maumivu.

Sasa kuivaa. Kama soksi ya goti, ni nzuri, tena nzuri kuliko nilivyotarajia. Inashika bila kukaba, mradi uipate saizi yako. Pima mzunguko wa paja juu kidogo ya goti na ulinganishe na jedwali, usikisie kwa macho. Ule mpira unatunza joto, na goti lililosagika hupenda joto. Nikishuka ngazi nilihisi kama kuna mkono umelishika goti pembeni, na kwa sababu hiyo sikukanyaga kwa woga. Mkanda wa chini unajiviringisha ukikaa muda mrefu na kuanza kukata nyuma ya goti. Jasho halina pa kwenda. Baada ya muda ngozi ilianza kuwasha pale vifuko vinapogusa, na nikajifunza kuivua kila nilipokaa. Velkro ilianza kuota nyuzi mapema mno. Kufua ni kwa mkono, maji ya uvuguvugu, baada ya kutoa visahani vyote, na kuvitoa na kuvirudisha vyote vinane kunachosha.

Je, maumivu yalipungua? Yalipungua. Lazima niliseme hilo waziwazi kabla sijaanza ubishi wangu. Siku nilizoivaa zilikuwa na unafuu, hasa kwenye ngazi, na dada alipopiga simu kuuliza nilimwambia hivyohivyo. Akacheka kicheko cha mshindi.

Kilichonikera ni skrubu. Nilikuwa nimepiga goti sakafuni nafungua kabati, niliponyanyuka nikakuta skrubu ndogo mbili zimenasa kwenye goti langu kwa nje. Sawa, nikasema, sumaku zipo, hawakudanganya kwamba zipo. Jioni nikatoa visahani na kuviweka mezani.

Ni sumaku za feraiti, zile nyeusi zinazovunjika kama kigae, jamii ileile inayotumika kwenye spika za kawaida. Hazikuwa za neodimi, ile aina kali iliyovumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo kipande kidogo chake hushinda donge zima la feraiti. Hakuna ubaya wowote katika feraiti. Ubaya uko kwenye ile 3000. Namba ya maelfu kama hiyo ni sifa ya mada yenyewe, ya sumaku ikipimwa kwa ndani kiwandani. Usoni mwa kisahani chembamba kama hiki hupati zaidi ya gausi mia chache, na kutoka hapo nguvu inaporomoka haraka sana. Kwa hesabu ya ukubwa huu, ukiingia sentimita mbili tu ndani ya mwili, zinabaki gausi makumi.

Sina kifaa maalumu cha kupimia gausi, lakini simu nyingi za kisasa zina kihisi cha dira, na kuna programu za bure zinazokuonyesha namba yake. Uga wa sumaku wa dunia huwa kati ya mikrotesla 25 na 65, yaani nusu gausi hivi, kutegemea uko wapi. Nikavaa soksi, nikaishika simu nyuma ya goti. Namba ilitikisika kidogo. Nikaisogeza umbali wa kiganja, ikabaki ile ya dunia na nyongeza ambayo hata kuzunguka na simu chumbani kungeweza kuileta. Tena aliyezipanga sumaku hizi kiwandani hakujali ncha: nyingine zilitazama kaskazini kwenye ngozi, nyingine kusini, bila mpango. Ncha zilizopishana namna hiyo hufutana kadiri unavyokwenda mbali. Karatasi ilisema upande wa kaskazini unatuliza na wa kusini unachangamsha. Kwa mpangilio ule, goti langu lilikuwa likitulizwa na kuchangamshwa kwa wakati mmoja.

Haya, damu. Hili la chuma kwenye damu ndilo linalowanasa wengi, na siwalaumu, maana nusu yake ni kweli. Chuma kimo: mtu mzima ana gramu tatu au nne hivi mwilini mwake, sehemu kubwa ikiwa ndani ya hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni. Ila si chuma cha msumari. Kila atomu ya chuma imekaa peke yake katikati ya molekuli kubwa, imefungwa, haina majirani wa kushikana nao mikono kama ilivyo kwenye kipande cha chuma. Mwaka 1936 wanakemia Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba hemoglobini isiyo na oksijeni huvutwa na sumaku kidogo sana, na ile yenye oksijeni husukumwa kidogo sana. Kwa hiyo damu safi inayotoka moyoni kwenda gotini, kama ingekuwa na la kusema, ingesema inaikimbia hiyo soksi.

Mwenye shaka na afikirie mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia sumaku kubwa. Mashine za kawaida za hospitali zina tesla 1.5 au 3, maana yake gausi 15,000 au 30,000, na mgonjwa huingizwa humo mwili mzima au nusu mwili. Damu yake haigandi upande mmoja, hawi mwekundu, hatoki humo akiwa amepona magoti. Anatoka amechoka na kelele. Na mimi vidole vyangu vimekaa miaka na miaka kwenye nafasi za sumaku za spika, mahali penye maelfu ya gausi halisi, na vinauma asubuhi kama vya mtu mwingine yeyote wa umri wangu.

Baadhi ya watu husema: lakini hospitali nazo zinatumia sumaku kutibu. Ni kweli, na hapa fundi spika ana la kusema. Chukua spika yoyote iliyolala mezani, iunganishe na mita ya mshale kwenye kipimo kidogo cha volti, usiiguse. Mshale umelala. Sumaku ipo, koili (waya uliozungushwa) ipo, hakuna kinachotokea, na hakitatokea hata ukisubiri hadi mwakani. Sasa sukuma karatasi ya spika kwa vidole: mshale unaruka. Acha kusukuma: unarudi kulala. Umeme unazaliwa pale uga unapobadilika, au koili inapotembea ndani yake. Mwanasayansi Michael Faraday alilionyesha hilo mwaka 1831 na kila jenereta duniani inaishi kwa kanuni hiyo.

Tiba za sumaku zilizokubalika hospitalini ni za aina hiyo ya pili. Mwaka 1979 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha vifaa vya uga wa sumakuumeme unaopigapiga kwa ajili ya mifupa iliyovunjika ikagoma kuunga. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, waliweka koili juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha mkondo mkali kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na misuli ya mkono ikashtuka, kwa sababu uga unaobadilika kwa kasi ulizaa umeme ndani ya ubongo. Kifaa cha namna hiyo kiliidhinishwa na FDA mwaka 2008 kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa hazikuwasaidia. Koili hizo hutoa kama tesla moja na nusu hadi mbili, kwa mapigo, chini ya mtaalamu. Kisahani cha feraiti kilichotulia kwenye soksi ni ile spika iliyolala mezani. Wauzaji huazima jina la hao wakubwa na kulibandika kwenye kifungo, na ndiyo maana karatasi nyingi za bidhaa hizi zina picha ya mtu aliyevaa koti jeupe.

Hapo ningeweza kuishia, lakini goti lilipata nafuu na mimi ni mtu wa kupima. Kwa hiyo nikamwita binti yangu. Ana subira, na ana furaha isiyofichika ya kunifanyia majaribio baba yake. Tukatafuta washa za chuma cha kawaida, vile visahani vyenye tundu vinavyowekwa chini ya nati, zenye ukubwa na uzito unaokaribiana na visahani. Kazi yake ilikuwa kurusha sarafu kila jioni, na kwa jinsi itakavyoanguka aweke sumaku au washa kwenye vifuko, afunge, anipe soksi. Aandike kwenye daftari lake, mimi nisilione. Mimi niandike kwenye langu: maumivu ya kushuka ngazi, kutoka sifuri hadi kumi, na dhana yangu kama leo ni sumaku au washa.

Masharti yakawa mengi haraka. Nilikatazwa kuivaa karakana, kwa sababu skrubu zingenisengenyea. Nikakatazwa kukaa karibu na droo ya vijiko. Kuna jioni alinikuta naipitisha simu karibu na goti "kuangalia saa", akaipokonya. "Baba, ukichungulia tunaanza upya." Kumficha mtu sumaku ni kazi ngumu, hasa mtu anayetaka kujua.

Na hilo si tatizo la nyumbani kwangu tu. Jaribio linalotajwa sana na watetezi wa sumaku ni la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2004 katika jarida la kitabibu la BMJ, na linastahili kutajwa kwa sababu lilikuwa la watu 194 wenye nyonga au magoti yaliyosagika. Walivaa bangili mkononi kwa wiki 12: wengine yenye sumaku ya nguvu ya kawaida, wengine dhaifu, wengine bandia isiyo na sumaku. Waliovaa ya kawaida walipungukiwa maumivu zaidi ya waliovaa bandia. Wauzaji huishia kusoma hapo. Watafiti wenyewe waliandika kwamba hawana uhakika kama ni sumaku au ni imani, maana mtu aliyevaa bangili inayonasa funguo anajua kabisa alichovaa. Halafu kundi la sumaku dhaifu likaharibika, kwa kuwa baadhi ya bangili zilizotengenezwa zilitoka na nguvu kuliko ilivyopangwa. Kiwanda kikakosea, na swali ambalo lingejibu kila kitu, yaani kama nguvu ikipungua na nafuu inapungua, likabaki linaning'inia. Nilisikitika kwa niaba yao. Mimi pia nimewahi kuletewa sumaku zilizoandikwa namba nyingine.

Ila tafakari jambo moja: bangili ilikuwa kifundoni mwa mkono, maumivu yalikuwa gotini. Kwa nguvu inayokufa ndani ya upana wa kiganja, ilifikaje kule chini?

Kuna jaribio jingine la zamani kidogo lililowapa watu moyo, la mwaka 1997 huko Houston, kwa watu 50 waliowahi kuugua polio na kubakiwa na maumivu. Waliwekewa sumaku za gausi 300 hadi 500, au bandia, juu ya sehemu inayouma kwa dakika 45. Asilimia 76 ya waliopata sumaku za kweli walisema wamepata nafuu, na asilimia 19 tu kwa bandia. Ni tofauti kubwa, ningekuwa muuzaji ningeiandika ukutani. Shida ni kwamba wengine walipojaribu mambo yanayofanana na hayo hawakuyapata. Mwaka 2000 walijaribu sumaku kwa watu 20 wenye maumivu sugu ya mgongo, hakuna tofauti. Mwaka 2003 waligawa soli za viatu kwa watu 101 wenye maumivu ya kisigino, za sumaku na za bandia: makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu ikawa sawa. Mwaka 2009 watafiti wa York waliwapa watu 45 bangili za kubadilishana kwa zamu, za sumaku na za shaba (maana shaba nayo ina waumini wake), hakuna iliyoonekana kushinda ya bandia. Na mwaka 2007 timu ya Uingereza iliyokusanya majaribio ya sumaku tuli na kuyapima pamoja ilihitimisha kwamba ushahidi hauungi mkono kuzitumia kwa maumivu.

Soli za kisigino ndizo nilizozifikiria zaidi. Wote walipata nafuu! Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyejifanya. Soli laini inasaidia kisigino, muda unasaidia kisigino, na mtu huenda kununua dawa wakati maumivu yamefika juu kabisa, ambapo yalikuwa yanakaribia kushuka hata kama asingenunua kitu. Goti langu lenye majuma mazuri na mabaya linafuata mkondo uleule. Dada aliniletea soksi katika juma baya. Kilichofuata baada ya juma baya kingekuwa nini?

Daftari zetu mbili tulizifungua pamoja mezani, mama yake akiwa shahidi. Dhana zangu hazikuwa bora kuliko ile sarafu. Jioni niliyoandika kwa kujiamini kabisa, "leo ni sumaku, nasikia joto linaingia ndani," zilikuwa washa. Jioni mbaya kuliko zote ilikuwa ya sumaku. Ukizitenganisha namba za maumivu, za sumaku huku na za washa huku, huwezi kujua ni zipi ni zipi bila kuangalia jina juu. Lakini zote mbili zilikuwa chini kuliko jioni nilizokaa bila soksi kabisa. Ni jaribio la goti moja na sitalipeleka popote. Kwa matumizi yangu limetosha: kinachofanya kazi ni kitambaa, joto na kubanwa.

Binti yangu akauliza kama jambo hili watu hawakulijua zamani. Walilijua, na kwa namna ya kuchekesha zaidi yetu. Huko Vienna mwaka 1774, daktari Franz Anton Mesmer alianza kutibu watu kwa sumaku zilizotengenezwa na padri mwanaastronomia, Maximilian Hell. Baadaye akaziacha sumaku na kudai nguvu iko ndani yake mwenyewe. Alipohamia Paris na kuwa gumzo la mji, mfalme Louis XVI aliunda tume mwaka 1784, na ndani yake walikuwamo Benjamin Franklin na mkemia Lavoisier. Tume ikawafunga watu vitambaa machoni. Aliyeambiwa anatibiwa alitetemeka hata asipotibiwa, na aliyetibiwa bila kuambiwa hakuhisi kitu. Kijana mmoja aliletwa bustanini kwa Franklin kutafuta mti uliotiwa nguvu, akazimia kwenye mti usio wenyewe. Kitambaa cha macho cha wakati ule ndicho sarafu ya binti yangu.

Sasa sehemu ambayo karatasi ya soksi haikuiandika hata mstari, na kwa sababu hiyo peke yake naipunguzia bidhaa hii alama nyingi. Sumaku hizi ni dhaifu kwa goti lakini si dhaifu kwa vifaa. Mtu mwenye betri ya moyo, ile inayopandikizwa kifuani kurekebisha mapigo, au kile kifaa cha kushtua moyo ukikwama, hatakiwi kuweka sumaku karibu nacho, kwa sababu vimetengenezwa kubadili utaratibu wake vikihisi sumaku ya gausi kumi hivi. Umbali unaoshauriwa ni sentimita 15 au zaidi. Soksi ikiwa gotini, kifua kiko mbali. Lakini bidhaa za familia hii ni pamoja na mikufu, mikanda ya bega, mito na magodoro, na mtu hubeba soksi kifuani akiifua, au huiweka mfuko wa shati. Pampu ya insulini na kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni navyo ni hivyohivyo: muulize daktari aliyekuwekea. Ukienda kupigwa MRI, ivue ukiwa bado nje ya chumba.

Na watoto. Vile vifuko havina zipu, ni mshono tu wenye mdomo wazi, na visahani hutoka kwa kidole. Mtoto akimeza sumaku moja ni shida, akimeza mbili au zaidi ni hatari ya kweli, kwa sababu huvutana kutoka sehemu tofauti za utumbo na kuubana katikati hadi unatoboka. Hapo hausubiri kuona, unakwenda hospitali saa hiyohiyo. Kwa sumaku kali za neodimi ni mbaya zaidi. Mtengenezaji angeshona midomo ya vifuko, au angeandika onyo, na hakufanya hata moja.

Uamuzi wangu basi. Ukiitaka soksi ya goti, nunua isiyo na sumaku. Tafuta yenye tundu la pia ya goti, mshono laini nyuma, na velkro nzuri kuliko hii. Kama tayari unayo ya sumaku na mwilini huna kifaa chochote na nyumbani huna mtoto mdogo, huna haja ya kuitupa, toa visahani uendelee nayo. Mimi ndivyo nilivyofanya, na ngozi imeacha kuwasha. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa ajili yake. Na ukiona goti limevimba ghafla, limekuwa jekundu na la moto, au una homa, au nyama ya ugoko kwa nyuma imevimba na kuuma, soksi ya aina yoyote si jibu.

Kilichonisaidia zaidi, kwa uvivu wangu wote, ni mazoezi niliyopewa na mtaalamu wa viungo: kukaa kitini na kunyoosha mguu polepole, kusimama na kukaa bila kushika mikono, kuinua mguu ulionyooka ukiwa umelala chali. Msuli wa mbele wa paja ukipata nguvu unalibebea goti mzigo. Kupunguza uzito kunasaidia wenye uzito wa kupunguza, na dawa ya kupaka yenye diklofenaki imewasaidia wengi, ukiulizia kwanza kwa mfamasia. Mazoezi yanachosha, hayana karatasi ya kung'aa, na tofauti nimeiona kwenye ngazi polepole, si kwa siku moja.

Dada nilimpigia simu nikamweleza yote, daftari, washa, sarafu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Lakini umesema mwenyewe ulipata nafuu." Nikakubali. Akasema basi pesa yake haikupotea. Nikakubali na hilo. Halafu akaniambia alikuwa ameagiza na nyingine, ya bega, kwa ajili ya mama mkwe wake. Mama yule aliwekewa betri ya moyo. Nikamwambia, "Dada, hiyo irudishe leo. Asiijaribu hata kidogo." Hakubishana. Ameirudisha.